Nguzo Nane za Shemeji Kimya

Mume wa mdogo wangu watu humwita Kimya. Si kwamba haongei. Akianza kumsema mtu vibaya hamalizi leo. Jina alilipata kwa sababu hawezi kuvumilia kelele. Ukifungulia redio kwa sauti ya juu karibu na karakana yake, anatoka na bisibisi mkononi, anakuja mpaka kwako, anaipunguza mwenyewe, anarudi zake bila hata salamu. Na kazi ya mtu huyu, eti, ni kutengeneza spika.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya nyumba yao, meza moja, dirisha moja, na plaiwudi zilizoegemezwa ukutani kiasi kwamba kuingia inabidi upite kiubavu. Alianza na redio mbovu, akaingia kwenye muziki wa harusi kwa mwaka mmoja, akaacha. Anasema kule alikuwa analipwa kuwaumiza watu masikio. Wapiga muziki anawadharau, wauza spika za dukani anawadharau zaidi, na mteja akimwuliza spika ina nguvu kiasi gani, humtazama kama mtu aliyeingia hospitali kuulizia bei ya nyama. Mimi ni fundi cherehani, namjua tangu alipokuwa akimchumbia mdogo wangu, na nakiri kwamba nami nilimdharau. Nilimwona mtu wa maringo asiye na cha kuringia.

Kanisani alikuwa haendi. Alienda siku ya harusi yake tu, akatoka ameshika kichwa. Kwa hilo simlaumu. Ukumbi wetu ni mrefu, kuta za saruji tupu, juu mabati, na pale mbele palikuwa na honi mbili za chuma na maboksi mawili meusi makubwa kama makabati. Neno likitoka mbele linapiga bati, linapiga ukuta wa nyuma, linarudi na kugongana na lile linalofuata, na sisi wa katikati tunapata uji. Tulikuwa tunajua mahubiri yanakaribia kwisha tukimwona mchungaji anafuta jasho.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa msomaji wa Biblia wakati wa ibada. Alisoma miaka sita. Sauti yake ni ndogo, lakini anasoma kama mtu anayeelewa anachosoma, jambo ambalo kwetu ni nadra. Kisha mwenyekiti wa kamati akamwondoa. Alisema hasikiki, akamweka binti yake mwenyewe, ambaye anasikika kweli, maana anapiga mayowe. Mdogo wangu hakugombana na mtu. Aliendelea kuja kila Jumapili na kukaa benchi la tatu, na kila Jumamosi nilimkuta jikoni akisoma somo la kesho kwa sauti, peke yake, huku anakoroga sufuria. Kilikuwa kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwa cha mume wala cha watoto, na walikichukua.

Mwenyekiti ni mtu wa kubeba shajara ambayo sijawahi kuiona imefunguliwa. Akishika maikrofoni anaipuliza mara tatu, anasema "Bwana asifiwe" mara tatu, na tukiitikia anaridhika kwamba mitambo ni mizima. Alikwisha kuleta mafundi wawili kutibu ule mwangwi. Kila mmoja aliongeza honi nyingine. Walipoondoka, hata watoto wachanga walikuwa wanalia kabla ya ibada kuanza. Ndipo mchungaji akasema ajaribiwe yule mume wa msomaji wa zamani.

Kimya alikuja, akasimama katikati ya ukumbi, akatoa sharti lake. "Nikimaliza, tutajaribu kwa sauti ya mke wangu. Akisikika mpaka benchi la mwisho, anarudi kusoma. Asiposikika, nabeba vyangu naondoka."

Mwenyekiti alicheka. "Huyo hata umweke mdomoni mwa honi hasikiki," akasema, na akakubali mbele ya mchungaji, maana aliona hana cha kupoteza.

Siku tatu nzima shemeji hakushika msumeno. Alishinda ukumbini akipiga makofi. Anasimama mahali, anapiga kofi moja, anainamisha kichwa, anachora alama ya chaki sakafuni, anasogea hatua mbili. Mlinzi wa kanisa alikuja kumwuliza mdogo wangu kama nyumbani kuna tatizo. Baada ya hapo akajifungia karakanani, na alipotoka alikuwa na nguzo nane za plaiwudi, ndefu kama mtu mzima, nyembamba kama ubao wa kupigia pasi. Kila moja ilikuwa na vispika vidogo vidogo vimepangwa wima, na ndani zimejazwa sponji ya godoro.

Kamati ilipokuja kuziona, nyuso zilianguka. Walitegemea makabati makubwa zaidi.

"Hivi si vispika vya redio?" aliuliza mpiga gitaa wa kwaya.

"Ndivyo. Redio kwako unaisikia?"

"Naisikia."

"Basi."

Kimya akarudi kwenye vispika vyake. Mke wake ndiye aliyetufafanulia kwamba spika kubwa ikikaa mbele humwaga sauti ovyo na bati hupata nyingi kuliko watu, na kwamba nguzo hizi zingefungwa ukutani, nne kila upande, ili kila benchi lisikilize nguzo iliyo karibu nalo. Wanakamati walitikisa vichwa kwa uelewa mkubwa. Kisha wakauliza zitakuwa za rangi gani.

Rangi wakachagua zambarau, na kitambaa mahameli. Kazi nikapewa mimi. Nilishona vifuniko vinane vya kuvishia nguzo kwa mbele, nikavizungushia utepe wa dhahabu, na nikavipeleka nimejaa furaha. Kimya alichukua kimoja, akakibana mdomoni, akapuliza.

"Shemeji, pumzi haipiti."

"Kamati ndiyo imechagua."

"Kama pumzi haipiti, sauti itapitaje? Fumua."

Tangu nilipokuwa najifunza kazi sikuwahi kuambiwa nifumue. Nilimtukana njia nzima mpaka nyumbani. Halafu nikatafuta kitambaa chepesi chenye matundu, kile cha kushonea jezi, nikakipuliza mwenyewe dukani mbele ya wateja, na muuzaji akaniuliza kama naumwa. Shemeji alipokipuliza aliitikia kwa kichwa. Nikajiona mjinga kwa jinsi kile kichwa kilivyonifurahisha.

Honi zikashushwa, nguzo zikafungwa ukutani. Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi mchana, wakati wa mazoezi ya kwaya, ili ukumbi uwe na watu. Mwenyekiti akampa mdogo wangu Biblia asome zaburi. Kimya akaichukua, akaifunga.

"Hiyo wanaijua kwa moyo. Ukimnong'onezea mtu kitu anachokijua, atakuambia amesikia. Shemeji, una karatasi yoyote?"

Kwenye mfuko wangu kulikuwa na kijitabu cha maelekezo ya cherehani. Akampa mke wake hicho. Watu kumi na wawili wakatawanywa ukumbini, kila mmoja na kalamu na karatasi, waandike wanachosikia. Benchi la mwisho alikaa mama muuza mkaa, ambaye hukaa pale siku zote, karibu na mlango, kwa sababu wenye nguo nyeupe hawapendi kukaa naye. Mwenyekiti alijiweka katikati, akachukua kalamu kwa vidole viwili kama anayeokota mdudu.

Mdogo wangu akasoma. Hakupaza sauti. "Ondoa sindano kabla ya kutia mafuta. Tia tone moja tu chini ya kikanyagio. Zungusha gurudumu kuelekea kwako." Sauti yake ilikuwa kwenye kila benchi kana kwamba amekaa hapo. Nilitazama juu, nikitegemea bati lijibu, na bati halikusema kitu.

Kimya alikusanya karatasi akazisahihisha kama mwalimu, bila kutabasamu. Ya muuza mkaa ilikuwa na mwandiko wa kuparura na kila neno lilikuwa mahali pake. Ya mwenyekiti ilikuwa imeandikwa "Majaribio" na chini yake mstari. Alisema kalamu iliisha wino. Lakini mchungaji alikuwa ameona karatasi zote, na mdogo wangu akarudi kusoma.

Jumapili ya kwanza alisoma yeye, na ukumbi ulitulia. Kisha wakaja wengine, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana kumbe nao walikuwa wanasikika. Tuligundua kwamba kwaya haijui ubeti wa pili. Tuligundua kwamba mchungaji ana hadithi moja, na anaisimulia mara tatu katika mahubiri mamoja. Na mwenyekiti akasimama kutoa matangazo, dakika ishirini kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza maishani tukamwelewa. Alisema kamati imekaa ikaona kuna haja ya kukaa. Alisema suala la vyoo limefikia hatua ya kuangaliwa hatua iliyofikia. Mtu akacheka. Akacheka mwingine. Miaka yote ile honi zilikuwa zinamfichia aibu, na yeye akadhani ni hekima.

Wiki iliyofuata akaanza kupita kwa watu. Spika hizi hazina nguvu, hazitetemeshi kifua, hazina upako. Honi zirudi, na zikirudi, msomaji mwenye sauti ndogo atafanya nini pale mbele? Mchungaji, ambaye sasa alikuwa anatafuta hadithi mpya na hazipati, hakumpinga. Akasema waumini wenyewe waamue Jumapili.

Nilienda karakanani nikiwa nawaka. Shemeji alikuwa anapiga msasa ubao. "Na wewe umekaa tu? Mkeo hajala tangu juzi."

"Mwambie mwenyekiti atangaze kwenye maikrofoni," akasema, akaendelea na ubao wake.

Jumapili hiyo Kimya alikuja kanisani, akakaa benchi la mwisho pembeni ya muuza mkaa, mikono kifuani. Mdogo wangu alikuwa benchi lake la tatu, Biblia mapajani imefungwa. Mwenyekiti akapuliza maikrofoni mara tatu.

"Ndugu zangu, wengi wenu mmeniletea malalamiko kwamba tangu spika hizi zifungwe hamsikii. Sasa, wote ambao hamnisikii, nyoosheni mikono."

Mpiga gitaa akanyoosha. Binti wa mwenyekiti akanyoosha. Kisha mpiga gitaa akatazama nyuma, akatufikiria kidogo, akaushusha mkono wake taratibu kama anayejikuna.

"Hamnisikii?" akarudia mwenyekiti.

"Tunakusikia, mwenyekiti," alisema muuza mkaa kutoka mlangoni, bila kusimama. "Sisi wa huku nyuma tunakusikia mpaka unavyomeza mate. Umeshasikika. Mpishe msomaji."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi kwake. Akachukua shajara yake akashuka. Mdogo wangu akapanda, akafungua, akasoma.

Somo lilikuwa lipi sikumbuki. Nilikuwa nawatazama wale watu waliokaa miaka yote wakiitikia wasichokisikia, nawadharau mmoja mmoja, benchi kwa benchi, mpaka nikafika kwangu. Siku mwenyekiti alipomwondoa mdogo wangu, alitutangazia kwa zile honi na, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, akatuuliza kama tunakubali. Sikupata hata neno moja. Niliona watu wanafungua midomo, nami nikafungua wangu nikaitikia "Amina", kwa nguvu kuliko wenzangu, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nataka kwenda nyumbani. Mdogo wangu alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Yeye alinisikia.