Katambuga Mbele ya Presi

Siku yangu ya kwanza kazini sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilisimamishwa mlangoni mwa banda la presi, nikaambiwa nivue viatu nitazame. Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru. Nilikuwa kijana wa Kizaramo kutoka upande wa Mlandizi, na shamba lenyewe lilikuwa la mkonge, ndani kidogo kutoka Visiga. Wajukuu wakiniuliza nilifanya kazi gani nikawajibu kwamba nilikuwa mkanyagaji, wanacheka. Haya, leo nitaeleza mara moja, tena vizuri, maana nimechoka kurudia.

Mkonge ukikatwa unapelekwa korona, mashine inayoparua majani mpaka zibaki nyuzi tupu, ambazo sisi tuliziita singa. Singa zinaanikwa juani, kina mama wanazigeuzageuza, kisha zinapitishwa kwenye mashine ya brashi zilainike na kung'aa. Baada ya hapo ndipo zinaletwa kwetu, presi, kufungwa marobota ya kupelekwa bandarini.

Presi yetu ilikuwa sanduku la chuma refu kupita mtu, halina kifuniko. Juu yake lilining'inia bamba zito. Singa zinamwagwa ndani, halafu mkanyagaji anapanda ngazi, anaingia, anazikanyaga mpaka zijae pembe zote. Unakanyaga peku, kwa sababu uchafu wa kiatu ukiingia ndani ya robota mnunuzi hulikataa. Ukishatoka, mwendesha presi anavuta mkono wa mashine, bamba linashuka na kushindilia. Robota linafungwa mikanda ya bati likiwa bado limebanwa, kisha linasukumwa nje. Kwenye kufunga napo kuna adabu yake: husimami mbele ya mkanda. Mkanda ukikatika unarudi kwa hasira, na nimemwona mtu akichanwa shavu hadi sikioni kwa kujifanya hajui.

Mkubwa wetu wa kwanza alikuwa Nyapara wa Presi, mtu wa Songea, mrefu, vumbi la singa limeshamkausha kifua. Siku ile ya kwanza alinishika bega akanionyesha kibao kilichopigiliwa chini, mbele ya mashine.

"Wewe, mkanyagaji. Ukitaka kuingia, katambuga zako unaziweka hapa, vidole vikielekea mashine. Ukitoka unazivaa mwenyewe. Hakuna mwingine wa kuzigusa, hata awe meneja."

Kisha akamgeukia mwendesha presi. "Na wewe, ukiziona hapo, mkono wa mashine usiuguse."

"Hata nikimwona ametoka?"

"Usimwangalie mtu. Angalia katambuga."

Ninyi mliozaliwa juzi, katambuga ni kandambili za tairi la gari. Zilikuwa zinadumu kuliko ndoa za siku hizi. Sababu ya sheria ile ni kwamba kutoka pale mwendesha presi aliposimama huoni kilichomo ndani ya sanduku, na brashi ilikuwa inanguruma jirani kutwa nzima. Alama ya pili ilikuwa wimbo. Mkanyagaji akiwa ndani anaimba kwa sauti ya juu, na chuma kinaivumisha. Wimbo ukikatika na kibao kikawa kitupu, ndipo bamba linashuka.

Huyo mwendesha presi aliitwa Maganga, Mnyamwezi. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, basi unajua tena, watani! Alininyanyasa tangu asubuhi ile ile. "Mmeniletea Mzaramo anikanyagie singa? Huyu anajua kukanyaga ngoma tu!" Nami nikamwambia babu yake alikuja pwani na mzigo kichwani, akautua, akasahau njia ya kurudi. Tulipigana maneno hivyo miaka na miaka. Alipooa Masaki, kule Kisarawe, bibi mmoja wa Kizaramo aitwaye Mwanaidi, nilidai hadharani kwamba tumemteka. Alicheka mpaka akakaa chini. Wallahi, yule mtu sikuwa na ndugu kumzidi.

Meneja wa kwanza alikuwa Mgiriki. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini jambo moja alilijua. Alikuwa anapita na kuchomeka mkono katikati ya singa, kisha anaziweka shavuni. Akihisi ubaridi anapiga kelele: "Singa maji, moto! Singa maji, moto!" Tulimcheka kwa siri mpaka tulipofungua robota moja lililofungwa bichi. Ndani kulikuwa kweusi, kumeoza, na joto lilitupiga usoni. Robota bichi linajipasha lenyewe taratibu ndani ya ghala, na likichachamaa linaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Tangu hapo na sisi tukawa tunaweka shavuni.

Baada ya Azimio la Arusha shamba likawa letu sote, wakasema. Mgiriki akaondoka, akaja Ndugu Meneja, mtu mzima, mpole, aliyelemewa na mikutano. Vipuri vya mashine vikaanza kuwa vya kuomba. Tulikuwa tunasimama foleni ya sukari na foleni ya grisi. Silalamiki, nasema ilivyokuwa. Nyapara wa Songea akastaafu akiwa anakohoa, na badala yake tukaletewa Ndugu Meneja Msaidizi, kijana msafi, mwenye nia njema. Nia njema hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Mimi nimefunga, koo limekauka, vumbi la singa nalo unalijua, hivyo nilikuwa siimbi. Ilikuwa kawaida yetu kila mwaka: mwezi wa mfungo hakuna wimbo, zinabaki katambuga peke yake. Maganga hakuwa Mwislamu, lakini mbele yangu hakunywa maji mwezi ule mzima. Alikuwa anatoka kwenda kunywa nyuma ya korona, halafu anarudi akifuta midomo na kuniambia amekwenda kuniombea dua nisife.

Siku hiyo tulikuwa tunategemea mgeni mkubwa kutoka makao makuu. Ndugu Meneja Msaidizi akapita bandani, akasimama mlangoni, akasema, "Ndugu zangu, mgeni anaingia sasa hivi. Kila kisicho cha kazi kitolewe nje. Makopo, magunia, viatu, matambara, vyote nje!"

Mimi sikumsikia. Nilikuwa ndani ya sanduku. Nilikuwa nimeshamaliza kukanyaga, nataka kutoka, mguu ukahisi ubaridi pembeni. Singa maji. Nikainama kulichomoa lile fungu bichi, maana nalikumbuka lile robota lililooza. Huko nje, mama aliyekuwa anafagia akafanya alivyoambiwa. Akaziokota katambuga zangu pamoja na makopo, akaenda kuzipanga vizuri nyuma ya banda.

Maganga, aliyekuwa amewapa mgongo, akageuka. Wimbo hakuna, kibao kitupu. Akavuta.

Sitawaeleza sana. Kukawa giza juu yangu, nikajua. Niliruka nikashika ukingo wa sanduku, nikajivuta, mwili ukatoka, mguu wa kushoto ukabaki kati ya bamba na ukuta. Nilipiga yowe ambalo hata brashi haikuliweza. Aliyeurudisha mkono wa mashine ni Maganga. Angechelewa kidogo tu, leo msingekuwa na babu wa kuwachosha. Alinibeba mwenyewe hadi kwenye lori, huku anarudia, "Kibao kilikuwa kitupu, Kondo. Kibao kilikuwa kitupu."

"Najua," nikamwambia. Sina hakika kama alinisikia.

Mguu walinikata hospitali, chini ya goti. Mguu wenyewe nikazoea kuukosa, mtu anazoea yote. Kilichonishinda ni Maganga. Alikuja hospitali akafika mpaka mlango wa wodi, nikamwona, nikamwita, "Mnyamwezi! Njoo unicheke, nafasi ndiyo hii!" Akageuka akaondoka. Jamani, mtani wako akikosa neno la kukutania kitandani, ujue mambo yameharibika.

Niliporudi kazini, gongo kwapani, wakanieleza habari zake. Alikuwa bado presi, lakini kila robota alikuwa anapanda ngazi kuchungulia ndani ya sanduku. Anashuka, anashika mkono wa mashine, anauacha, anapanda tena. Ndugu Meneja alimwita ofisini, tena kwa upole. "Ndugu Maganga, hakuna anayekulaumu. Msaidizi wangu mwenyewe amekiri ile amri ilikuwa yake. Sasa fanya kazi, baba." Maganga akajibu, "Naifanya, Ndugu Meneja. Nachungulia tu." Haukupita muda akaacha kazi, akahamia Masaki kwa wakwe zake, kulima mihogo na kuchoma mkaa.

Mimi wakanipeleka ghala, nikawa msimamizi wa marobota. Kazi ya kukaa, walisema. Kukaa gani! Ghala lina sheria zake, na nilizisimamia mpaka wakanichukia. Robota halilazwi kwenye sakafu, linalala juu ya magogo ili unyevu usipande. Haliegemezwi ukutani, unaacha njia ya mtu kupita na kunusa. Ndiyo, kunusa, kwa sababu robota linalojipasha lina harufu yake, ya uchachu, kabla hujaona moshi. Unapanga kama mafundi wanavyopanga matofali, la juu likikalia maungio ya mawili ya chini, na hupandishi mpaka dari kwa ajili ya kumfurahisha mgeni. Sigara hata mlangoni hairuhusiwi. Kijana mmoja alinijibu, "Mzee, wewe unaogopa kila kitu." Nikamwonyesha gongo. Akazima sigara.

Na kibao kile cha presi nilikizungushia mstari wa rangi nyekundu. Ndugu Meneja Msaidizi ndiye aliyeleta rangi. Alishika kopo wakati mimi napaka.

Masaki nilikwenda mara moja nikiwa bado kazini. Kwa mwenye gongo moja si safari ya mchezo: lori mpaka Kisarawe, halafu kubembeleza magari ya mkaa. Nilifika, Bi Mwanaidi akanikaribisha, akanipa maji, akatazama chini.

"Shemeji, ametoka kwa mlango wa nyuma alipoisikia sauti yako. Anasema hana uso wa kukutazama."

"Mwambie mimi sikuja kutazamwa. Nimekuja kutukanwa kama zamani."

"Nitamwambia," akasema. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka, nikajua ameshamwambia mara nyingi kwa maneno yake mwenyewe.

Niliondoka nimekasirika, tena sana. Nilijiambia sitarudi. Mimi ndiye niliyekatwa mguu, halafu niwe mimi wa kubembeleza? Nikakaa na hasira hiyo miaka, huku bei ya katani inaanguka na mashamba yanageuka vichaka. Korona yetu ikawa inafanya kazi siku inayotaka. Mwisho presi ikasimama kabisa. Tukastaafishwa tuliokuwa tumezeeka, tukapewa mkono na hotuba. Nilitoka getini, nikageuka kutafuta mtu wa kusema naye, "Bwana wee, tumemaliza!" Nikakuta hakuna. Waliokuwepo walikuwa watoto kwangu. Mtu pekee aliyejua siku yangu ya kwanza ilikuwaje alikuwa Masaki, anachoma mkaa.

Basi hasira ikaniishia palepale getini. Wiki hiyo hiyo nikapanda lori.

Safari hii sikupiga hodi kwa sauti. Bi Mwanaidi aliniona kwa mbali, nikajiwekea kidole mdomoni asiniite. Maganga alikuwa shambani kwenye mihogo. Nikavua katambuga yangu, ile moja, nikaiweka kwenye kizingiti cha mlango wake, katikati kabisa, vidole vikielekea ndani. Nikaingia, nikakaa kwenye kigoda, nikanyamaza.

Nikasikia jembe likitupwa uani. Nikasikia hatua, halafu hatua zikasimama. Zikasimama muda mrefu, wallahi, mpaka nikaona atatorokea mihogoni tena. Nikafanya kitu ambacho sikukipanga: nikaanza kuimba. Ule wimbo wa kukanyagia. Sauti yenyewe ilikuwa ya kizee, imepasuka, na maneno mengine nimesahau.

Kutoka nje nikasikia sauti, taratibu:

"Mzaramo."

Nikakatisha wimbo. "Naam."

"Ile nyingine umeiuza upate pombe?"

Lo! Nilicheka. Nilicheka mpaka nikaanza kulia, na yeye akaingia tayari analia, mvi kichwa kizima, mikono myeusi kwa mkaa. Bi Mwanaidi akakimbilia jikoni kujificha. Tulikaa kutwa nzima. Alinitukana kabila langu lote, nami nikamwuliza mzigo wa babu yake alishaupata? Kuhusu siku ile tulisema kidogo tu. Alisema, "Kibao kilikuwa kitupu." Nikasema, "Kilikuwa kitupu, Maganga. Nami nimepona." Safari hii alinisikia.

Kazi ile ilinichosha, na sitawadanganya kwamba naikumbuka kwa furaha. Vumbi lake bado liko kifuani. Marobota niliyoyafunga yalishageuka kamba, na kamba zenyewe zilishaoza huko zilikokwenda. Mkiniuliza nilipata nini, nitawaambia nilichokiona jioni ile nilipoaga.

Niliinuka nikachukua gongo langu. Maganga akanitangulia mlangoni ili anisindikize. Katambuga ilikuwa pale kwenye kizingiti, na mimi kuinama kwangu ni kazi, yeyote angeiokota akanipa. Bi Mwanaidi alinyoosha mkono. Maganga akamzuia.

"Iache," akasema. "Ataivaa mwenyewe."

Akasimama pembeni akaitazama mpaka nilipoivaa.