Sauti ya Ng'ambo ya Kijito

Nilikuwa bado mtoto mwaka ule mama alipoachika akaenda zake Unguja, na msimu wa karafuu uliofuata nilikwenda kambini bila yeye.

Siku hizi watu wengi huenda mashambani asubuhi na kurudi jioni, lakini zamani karafuu zilipoiva nyumba nyingi za Gando, kwetu Pemba, zilifungwa, na watu wakahamia vilimani mpaka uchumaji uishe. Sisi tulipiga kambi mahali pale pale kila mwaka. Ulikuwa mgongo wa kilima wenye mikarafuu mirefu ya kizamani, na chini yake kilipita kijito chembamba chenye maji baridi hata jua likiwa kali. Vibanda vyetu vilikuwa vya makuti. Tulipikia kando ya kijito, tukaoga humo, tukafulia humo, na ng'ambo yake ilipita njia ya kwendea barabarani. Ili kuvuka ulipita juu ya gogo la mnazi lililolazwa karibu na kidimbwi, mahali pekee penye kina. Watu wazima walilalamikia mbu na maumivu ya mgongo. Kwa watoto kambi ilikuwa sikukuu, na hata wali wake ulinukia karafuu.

Kwangu mimi mwaka ule haikuwa sikukuu. Mara tu tulipofika nilikanyaga kisiki, kikanichoma unyayo, mguu ukavimba. Wenzangu wakawa wanapanda kilima cha pili na wazazi wao kuokota karafuu zilizoanguka, mimi nikabakizwa kulinda majamvi. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza karafuu zilizoanikwa, na nikiona dalili ya mvua niyakunje majamvi haraka, maana karafuu ikirowa huharibika. Tangu asubuhi mpaka alasiri sikuwa na mtu wa kusema naye. Basi nikawa nasema na mama. Niligeuza karafuu huku nikimsimulia habari za kambini, kwa sauti ya chini, kana kwamba ameketi upande wa pili wa jamvi anachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu. Nilimwambia nani kagombana na nani, na mguu unaumaje. Mtu akitokea, nilinyamaza.

Nyumbani kwetu jina la mama lilikuwa halitajwi. Baba yangu, Hamad, ambaye hata kabla ya hapo hakuwa msemaji, tangu aachane naye alizidi kuwa kimya. Aliyenilea ni mama yake, Bibi Mize. Sitaki mtu afikiri kwamba bibi alikuwa mbaya. Alinikanda mguu kwa maji ya chumvi kila jioni, na nyama ikipatikana alinitolea kwenye sahani yake. Lakini nilipomuuliza mama atakuja lini, jibu lake lilikuwa lile lile: "Mamaako ana safari yake." Safari gani isiyo na kurudi, sikupata kuambiwa.

Jioni moja, alipokuwa akinifunga kitambaa unyayoni, alinitazama usoni kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama.

"Riziki, kuno si Gando," akasema. "Weye unashinda peke yako. Jua likiwa utosini, ukisikia unaitwa huko majini, usiitike. Usiteremke."

"Na kama ni mtu ananitaka?"

"Mtu akikutaka atakuita hata mara ya tatu. Asiye mtu huita mara mbili, kisha hunyamaza akusubiri."

Nilijua anamsema nani. Kila mtoto wa kambini alijua kwamba kile kidimbwi kina chunusi, shetani wa majini anayewavuta watu chini. Nilichokuwa sikijui ni kwamba bibi alikuwa na mdogo wake wa kike, jina lake Mkasi, ambaye walikuwa wakija naye kambini hapo hapo walipokuwa watoto. Mchana mmoja Mkasi aliinua kichwa, akasema, "Naitwa," akateremka mbio. Bibi hakusikia sauti yoyote. Walimkuta kidimbwini. Alinieleza hayo bila machozi, huku akiendelea kufunga kitambaa, na alipokwisha kufunga akakifungua tena akaanza upya, kwa sababu alikuwa amekaza mno.

Sikumbuki zilipita siku ngapi. Nakumbuka kwamba ilikuwa mchana, na watu wote walikuwa kilima cha pili. Bibi alikuwa amewapelekea chakula. Upande wa juu, kijito kinakotoka, mbingu ilikuwa imeshaanza kufanya weusi, lakini kwetu jua lilikuwa linawaka na hata ndege walikuwa wamenyamaza. Nilikuwa nimeinama juu ya jamvi.

"Riziki!"

Sauti ilitoka chini, ng'ambo ya kijito, na ilikuwa ya mama.

Sisemi ilifanana na yake. Ilikuwa yake, hata alivyokuwa akilivuta jina langu mwishoni, kama mtu anayeogopa lisije likakatika. Nilisimama. Nilisahau mguu. Nikaenda mpaka ukingoni mwa mteremko nikakumbatia shina la mkarafuu, nikatazama chini. Majani yalikuwa mengi, sikuona mtu.

"Riziki, we Riziki!"

Mwili wote ulikuwa unataka kuteremka. Mdomo ulishafunguka. Lakini nilimkumbuka Mkasi, nikaukumbatia ule mti kwa nguvu mpaka magamba yakanikwaruza shavu, nikangoja mara ya tatu. Niliingoja kwa kuomba. Nilisema moyoni, mama, kama ni wewe ita mara moja tu tena, nije.

Haikuja. Palikuwa kimya, kimya kile kile alichokisema bibi.

Kisha mvua ikaanza kupiga majani, nikarudi majamvini. Nilikunja nikilia, nikavuta zile karafuu kibandani, nusu zikimwagika. Nilikuwa bado navuta niliposikia ngurumo ambayo si ya mbinguni. Kijito chetu kilikuwa kinateremka kutoka juu na matope na matawi, chekundu. Kiliyazoa mafiga tuliyokuwa tukipikia. Kikalinyanyua lile gogo la mnazi kama kijiti kikaenda nalo.

Bibi na baba walirudi wameloa chapachapa, bibi mbele, anapumua kwa shida. Alinishika mabega.

"Niliitwa," nikamwambia.

"Ukaitika?"

"Sikuitika."

Aliketi pale pale kwenye tope akanipakata kama mtoto mchanga, mimi mkubwa vile, akanisomea na kunipulizia kichwani. Baba aliteremka mpaka majini, akakaa huko kitambo, akarudi.

Habari ilienea vibanda vyote. Mtoto wa Hamad kaitwa na chunusi, hakuitika, na maji yakaja. Wanawake walikuja kuniona, mmoja akaniletea mkate wa kumimina, mwengine akafukiza ubani mlangoni petu. Watoto wenzangu waliniuliza sauti ilikuwaje, nzito au nyembamba, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikuwa nimezungukwa na watu. Sikuwajibu. Bibi peke yake ndiye niliyemwambia, watu walipoondoka.

"Ilikuwa sauti ya mama."

"Huchukua sauti ya umpendaye," akasema. "Ndivyo afanyavyo."

Alidhani amenituliza. Lakini mtoto huyapanga mambo kwa akili yake, na mimi niliyapanga hivi: ikiwa chunusi anayo sauti ya mama, basi ameitoa kwa mama, na mtu hanyang'anywi sauti akiwa hai. Nikaamini kwamba mama amekufa huko Unguja na watu wazima wananificha. Nilimlilia peke yangu, bila tanga wala khitma. Sikusema naye tena majamvini, kwa sababu nilikuwa simjui atakayejibu. Msimu ulikwisha, tukarudi Gando, mguu ukapona. Nilikuwa na bibi, nilikuwa na baba, nilikuwa na chuo cha Kurani na skuli, na katikati ya wote hao nilikuwa na maiti yangu ambaye hakuna mwengine aliyekuwa akimjua.

Nilimkuta hai miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimemaliza skuli, nimepata nafasi ya kusomea ualimu Unguja, na dada mmoja wa baba ndiye aliyeniambia, kwa kawaida tu, kama mtu anayetaja duka, kwamba mama yangu anakaa Unguja na nikifika niende nikamwamkie. Niliuliza, "Yuko hai?" Akanitazama kama mwehu.

Alinipokea mlangoni akiwa na unga mikononi. Alikuwa ana watoto wengine, wakubwa, waliosimama kwa adabu wakanipa mkono. Alikuwa mnene kidogo kuliko nilivyomkumbuka, na mfupi. Tulipobaki wawili jikoni, alisema bila mimi kumuuliza:

"Nilikuja mara moja. Nilifuatana na watu kwenye maziko Wete, wakanipa ruhusa ya mchana ule tu. Gando wakaniambia mko kambini. Nikaja na njia ile ya ng'ambo mpaka kijitoni."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

"Niliogopa kuvuka nisije nikakutana na babaako. Nikakuita. Niliona kitu chekundu juu huko, nikadhani ni kanga yako. Nikakuita tena. Halafu nikaona maji yamegeuka rangi, na matawi yanakuja. Nikajua huko juu mvua imeshakunya kubwa." Aliipangusa mikono yake kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Nilitaka kukuita mara ya tatu, mwanangu. Nikasema nikiita atateremka, atataka kupita juu ya lile gogo. Nikajiziba mdomo."

"Kisha?"

"Kisha maji yakawa makubwa, hata ningepiga ukelele usingenisikia. Nilikaa mpaka gari iliyokuwa ikiningoja barabarani ikaniharakisha. Nikarudi."

Nilimuuliza kwa nini hakuja tena. Alinipa sababu. Mimba, mume, nauli, aibu. Zilikuwa sababu za kweli, na hazikutosha, na sote wawili tulijua. Nami nilimweleza upande wangu, yote, hata ile maiti. Hakulia. Aliinuka akasongesha mkaa uliokuwa hauna haja ya kusongeshwa.

Likizo ya kwanza nilirudi Gando nikamweleza bibi. Macho yake yalikuwa yamekwisha, alikuwa akishinda kitandani, na nilikwenda na hasira ambayo nilikuwa nimeifunga tangu Unguja. Nikamwambia: yule hakuwa chunusi, bibi. Yule alikuwa mama. Umenifanya nisimwitikie mama yangu.

Alinigeuzia yale macho yaliyokwisha.

"Na maji hayakuja?" akauliza.

"Yalikuja."

"Na gogo halikuchukuliwa?"

"Lilichukuliwa."

"Basi," akasema. Akageuza uso ukutani. Baada ya muda, akiwa bado amenipa mgongo, akasema tena, "Lakini maskini yule mwanamke. Njia yote ile."

Hasira yangu haikuondoka siku hiyo, ila haikupata tena pa kukaa. Nitamlaumu nani? Mmoja alinifundisha nisiitike ili nisife, mwengine alinyamaza ili nisife. Watu wawili waliokuwa hawasemezani walikuwa wamekubaliana bila kujua, na kilichotokana na makubaliano yao ni mimi kuwa mzima, na kuwa peke yangu. Watu wakiniuliza kama naamini chunusi, siwajibu ndiyo wala siyo. Bibi alimwona mdogo wake akiteremka, mimi sikumwona. Siwezi kumbishia mtu na maiti yake.

Bibi alipofariki, baba akiwa ameshatangulia, nilimpigia mama simu. Sikumwambia aje. Akaja mwenyewe, kwa boti, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Pemba tangu mchana ule. Aliketi na wanawake wengine chini, akasoma, akasaidia kuosha vyombo vya khitma na watu waliokuwa wakimtazama kwa pembeni. Usiku tulilala chumba cha bibi, yeye kwenye kitanda, mimi kwenye mkeka. Nilikuwa nimewahi kuutamani usiku kama ule kwa miaka, na nilikuwa nimejiwekea maneno mengi. Nilimuuliza kama anaona baridi. Alisema haoni. Akaniuliza nafundisha darasa la ngapi, nikamwambia, ingawa alikuwa analijua.

Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza bandarini. Tulisimama kwenye foleni na mizigo, tukanunua maji. Zamu yake ilipofika alinishika kichwa akakibusu juu ya mtandio, haraka, kama mtu anayechelea kukatazwa, akaingia ndani. Nilibaki pale hadi boti ilipogeuka. Nampenda, naye ananipenda, hilo silitilii shaka tena. Ila tumezoea kupendana kwa mbali, na tukiwa karibu hatujui tushikane wapi.