Kura ya Pili ya Mdogo Wangu

Mwaka 2019 mdogo wangu, nesi huko Uingereza, alinipigia simu Yeoville, mtaa wa wahamiaji ninakoishi, kuniambia anagombea udiwani. Wilaya mbili zilikuwa zimeunganishwa, na halmashauri mpya ilikuwa ikichaguliwa kwa mara ya kwanza. Kule Mtanzania mkazi anaruhusiwa kugombea. Ni sisi tunaosita. Wilaya ya zamani ilikuwa ikilipia basi dogo la kupeleka wagonjwa kliniki, naye alihofia wakubwa wapya watalifuta. Alitaka kiti kwa ajili ya basi hilo tu.

Kata yake ilikuwa na viti viwili, hivyo kila mpiga kura alikuwa na kura mbili. Akaniuliza ya pili ampe nani. Mimi nina shahada ya sayansi ya siasa, na kwa miaka ishirini nilikuwa nangoja mtu aniulize lolote linaloihusu. Nikamwambia ampe mzee jirani yake, mgombea mwenzake, anayemmwagilia maua kila anaposafiri. Ni adabu, nikasema, na watu wataipenda.

Akanitii kupita kiasi. Alipita mlango kwa mlango akiomba kura moja yake na nyingine ya mzee. Mzee naye alipita mlango kwa mlango, akajiombea yeye tu.

Nilimsimulia fundi cherehani wangu, Mkongo, aliyekuwa akinipanulia suruali kiunoni. Akaweka mkasi chini.

"Papa, kwetu batu banaiba kura," alisema. "Weye unazigawa."

Matokeo yakatoka: mgombea wa chama kikubwa wa kwanza, mzee wa pili, mdogo wangu wa tatu kwa upungufu wa kura chache mno. Aliponipigia nilimchambulia hali kwa kirefu, mpaka akasema ana zamu kazini.

Wiki chache baadaye mzee aligonga mlango wake na keki mkononi. Aliona haya. Akamwomba amwandikie hoja ya kulitetea basi. Mdogo wangu akaiandika palepale jikoni, kisha halmashauri ilipokutana akaenda kukaa kwenye viti vya wasikilizaji. Mzee aliisoma, akakosea jina la kliniki, na basi likabaki.

Nilipompongeza nikagusia, kwa unyenyekevu, mchango wa ushauri wangu.

"Nashukuru limebaki, kaka. Lakini nilitaka kuisoma mimi."

Nikamwambia pole. Tangu matokeo yatoke, sikuwa nimelitamka neno hilo.