Ndege za Kipawa, cherehani ya Mama Hadija na kitabu kisicho na jalada

Wakuu, heshima zenu.

Najua humu ndani kuna watu hawaoni uzi bila kuuliza chai iko wapi. Leo wekeni vikombe pembeni. Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, na sehemu yake ya mwisho ni ya juzijuzi tu, bado ninayo kifuani.

Naandika kwa simu, herufi zikikosea mtanivumilia.

Mimi nina kigugumizi. Siku hizi unaweza kukaa nami kutwa nzima usigundue, mpaka nikasirike au nifurahi kupita kiasi. Ila utotoni nilikuwa nacho cha kugawia mtaa mzima na kikabaki.

Tulikuwa tunaishi Kipawa, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Baba alikuwa karani, mtu wa Sumbawanga, anaondoka asubuhi na anarudi amechoka. Mama alikuwa anauza vitenge Kariakoo.

Kigugumizi changu kilikuwa kinachagua herufi. S ilikuwa adui yangu namba moja. Ch ilikuwa inatoka vizuri tu.

Sasa nikitumwa sukari dukani kwa Mangi, nasimama pale navuta "sss" mpaka machozi yananilenga. Nyuma yangu watu wamejipanga wananitazama. Mwisho nasema chumvi, napewa chumvi, narudi nyumbani na chumvi.

Wakuu, msicheke sana. Nyumbani kwetu kulikuwa na chumvi ya kuwatosha samaki wote wa Kunduchi. Mama akawa anaamini mwanawe hasikilizi anachotumwa, na mimi sikuweza kumweleza, maana maelezo yenyewe yalikuwa yanaanza na S.

Shuleni waliniita Betri. Yaani redio inayoishiwa betri. Wakati wa kusoma kwa sauti mwalimu alikuwa ananiruka, anaenda kwa mwenzangu wa pembeni. Nadhani alikuwa ananionea huruma. Ila kurukwa nako kunauma, asikwambie mtu.

Nilipofika darasa la nne nikaamua moyoni kwamba kuongea basi. Nikitaka maji naonyesha kikombe. Nikiulizwa natikisa kichwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyeshtuka. Mama akawa ananisifia kwa majirani, Deo wangu siku hizi ametulia, ana adabu.

Ndivyo nilivyokuwa nazama taratibu, huku watu wanapongeza.

Sasa, kwa kuwa mama alikuwa anarudi jioni, nikitoka shule nilikuwa nashinda kwenye kibaraza cha jirani yetu, Mama Hadija.

Huyu mama alikuwa fundi cherehani, mtu wa Lindi, mwembamba, na mdomo wake ulikuwa haujui likizo. Alikuwa anaongea hata akiwa amebana pini kwenye meno, na unamwelewa kila neno. Watu walikuwa wanaleta nguo zisizo na tatizo lolote ili wapate sababu ya kukaa pale.

Pale kibarazani kulikuwa na kitabu. Kiliachwa na mteja ndani ya mkoba ulioletwa kubadilishwa zipu, na mteja akasema kaeni nacho. Jalada lilikuwa limeshang'oka, kwa hiyo hakuna aliyejua jina lake wala nani alikiandika. Sisi tulikuwa tunakiita "kile cha Sikudhani".

Sikudhani ndiye mwanamke wa kwenye stori. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli. Siku moja mume akapanda treni, hakurudi. Sikudhani akafungua mgahawa palepale stesheni, na kila treni ikiingia anatoka nje na birika mkononi kuangalia nani anashuka.

Aliyekuwa akisoma kwa sauti ni Hadija, binti wa Mama Hadija, huku mama yake anashona. Hadija akaolewa, akahamia Mbagala, na stori ikakatika katikati. Mama Hadija akabaki na Sikudhani kasimama stesheni.

Kuna mchana mmoja akanisukumia kile kitabu.

"Soma, baba. Mikono yangu iko kazini."

Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha mdomo wangu.

"Mie nimekuuliza habari za mdomo? Nimesema soma."

Nikafungua palipokunjwa. Wakuu, neno la kwanza lilikuwa Sikudhani. Majina yote duniani, mwandishi akaona ampe mtu jina la S.

Nikaanza. "Sss..." Shingo imekaza, jasho linanitoka. Pembeni alikuwepo Mama Kulwa, jirani anayeuza ubuyu, na yeye ananitazama. Nikajua sasa ama watacheka ama watanimalizia neno, kama wengine wote. Bora hata kucheka.

Mama Hadija akatoa mguu kwenye pedali. Akainua mkono juu.

"Subiri. Ndege."

Ambaye hajakaa Kipawa hawezi kuelewa. Kule ndege ikipita chini namna ile, kila mtu ananyamaza. Hata wanaogombana wanasimama vidole vikiwa hewani, ikishapita wanaendelea na matusi pale walipoishia. Hakuna mtu wa Kipawa anayebishana na ndege.

Basi na mimi nikasubiri. Sikusikia kitu, ila mama wa watu alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza kabisa.

"Kubwa hiyo," akasema. "Inakwenda mbali."

"Ishakata kona," akasema Mama Kulwa, macho juu.

"Haya, imepita. Tuendelee."

Na jina likatoka. Sikudhani, zima, kama lilivyoandikwa.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Narudi shule, napewa kipande cha muhogo, nasoma. Ndege za kweli zilikuwepo, zinapita na mabati yanatetemeka. Ila kulikuwa pia na zile ambazo mimi sikuzisikia. Mara ndogo ya Zanzibar, mara kubwa inayokwenda mbali.

Mpaka nikamwambia mama kwamba masikio yangu yanaanza kufa, ndege zinapita na sizisikii. Mama akanilaza ubavu akanimwagia mafuta ya nazi ya uvuguvugu sikioni. Nililala na pamba masikioni nikinuka nazi, na kesho yake ndege zikapita vilevile bila mimi kuzisikia.

Mabishano ya pale kibarazani nayakumbuka mpaka leo. Mama Kulwa alikuwa anamtetea yule mume, lazima kapata ajali huko, mwacheni. Mama Hadija alikuwa hamtaki hata kumsikia. Na zaidi ya mume, alikuwa amemkasirikia Sikudhani mwenyewe.

"Mjinga yule. Ana birika, ana mgahawa, ana akili zake, anatolea macho treni. Kwani treni ndiyo nini?"

Anasema hivyo, halafu ananiambia niendelee haraka tujue kama mume amerudi.

Tulipofika mwisho (sitawaambia kama alirudi) Mama Hadija akasema turudie mwanzo. Tumerudia sijui mara ngapi. Karatasi zikaanza kuachana, akakishonea jalada la kitenge kwa mabaki ya gauni la mteja, cha bluu chenye maua ya njano. Alijaribu kwa cherehani sindano ikakatika, akamalizia kwa mkono.

Shuleni nako siku moja mwalimu akaniruka kama kawaida, nikainua mkono. Nikasimama kusoma. Nikakwama kwenye neno, darasa likaanza kuguna Betri, Betri. Mimi nikanyamaza, nikaangalia dirishani, nikasubiri ipite. Ikapita. Nikamaliza aya yote. Tangu siku ile mwalimu hakuniruka tena.

Baadaye tukahama Kipawa. Siku ya kuaga Mama Hadija akanipa kile kitabu. Akasema, "Kaa nacho wewe, mie ntasomewa na nani tena?" Akageukia cherehani yake akaanza kupiga pedali, na naapa hakukuwa na nguo chini ya sindano.

Maisha yakaenda. Nimesoma, nimepata kazi, nimeoa, nakaa Kunduchi. Na kama tunavyofanya wengi wetu, watu walionibeba utotoni nikawa nawakumbuka tu kwa mdomo, nitaenda kuwaona, nitaenda kuwaona.

Mwaka huu binti yangu ameanza kujifunza kusoma. Jioni moja nimekaa naye, akakwama kwenye neno. Akaanza kukunja uso anataka kulia.

Bila hata kufikiri nikainua mkono. "Subiri mama, ndege."

Akanyamaza. Akasikiliza. Akaniangalia. "Baba, ndege gani? Mbona sisikii?"

Wakuu, nilibaki nimeganda na mkono juu.

Umri wote huu nimekula chumvi, na nimeshawaambia chumvi kwetu haikuwa ya kutafuta, halafu sikuwahi kujiuliza. Masikio yangu yalikuwa mazima siku zote. Yule mama alikuwa ananirushia ndege kila nilipokwama, na Mama Kulwa anazikatisha kona.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nikaitafuta namba ya dada Hadija kwa watu wa Kipawa mpaka nikaipata. Akafurahi sana. Nilipomuuliza mama hajambo, sauti ikashuka.

Mama yake alikuwa amepata kiharusi. Upande mmoja umelegea, na sasa anaishi kwa dada Hadija huko Mbagala. Daktari amesema maneno yanaweza kurudi kama atajizoeza kuongea, ila yeye hataki. Mwanzoni alijaribu mbele ya wageni, neno likamgomea, watu wakamhurumia. Tangu hapo kafunga mdomo. Akitaka maji anaonyesha kikombe.

Aliposema kikombe nikajua ni lazima niende.

Nilienda Mbagala na kitabu kwenye mfuko. Nilimkuta amekaa sebuleni, kanga mabegani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nje kwa jirani muziki wa singeli unalia. Nikapiga goti, nikasema shikamoo mama, mimi Deo, yule wa Kipawa.

Akaniangalia, akatikisa kichwa kidogo. Macho yakarudi ukutani.

Nikatoa kitabu. Alipoona kitenge akanyoosha mkono ule mzima, akapapasa ule mshono wake wa mkono kutoka juu mpaka chini. Nikavuta stuli, nikaanza kusoma pale mwanzo kabisa, mume anapanda treni.

Nilisoma kurasa kadhaa. Nikafika Sikudhani anatoka nje na birika. Mama Hadija akaweka kidole kwenye karatasi.

"Si... si..."

Dada Hadija akaja mbio kutoka jikoni. "Nini mama? Simu? Siagi? Unasikia baridi?"

Alikuwa anamsaidia kwa mapenzi yote, wala simlaumu. Lakini mimi nayajua yale macho. Ukimaliziwa neno lako unajiona kama umetolewa chumbani kwako mwenyewe. Mama akafumba mdomo akageukia ukuta.

Nikainua mkono.

"Dada Hadija, subiri. Ndege."

"Ndege gani, Deo? Huku Mbagala?"

"Tusubiri ipite kwanza."

Akanyamaza, nadhani kwa kunishangaa tu. Mimi nikaangalia dari. Tukakaa hivyo, singeli inalia nje. Ilikuwa ndege ndefu kuliko zote nilizowahi kusubiri, na ndani yake niliogopa kweli kwamba haitapita.

Mama akageuka taratibu akaniangalia. Muda mrefu. Upande mmoja wa mdomo ukaanza kucheka.

"Si-ku-dhani," akasema. Akapumzika. "Mjinga... yule."

Dada Hadija akajifunika uso kwa upande wa kanga. Mimi nikaendelea kusoma, maana ningefanya nini kingine.

Tulisoma mpaka jua likapungua. Alisema maneno machache mengine, kila moja kwa ndege yake. Mume wa Sikudhani alitukanwa upya.

Nilipoinuka kuondoka nikataka kumshukuru. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima kutoka Kunduchi. Nikamshika mkono, nikafungua mdomo.

"Mama, sss..."

Ikagoma. Mtu mzima na ndevu zangu, nimekaza shingo vilevile kama darasa la nne, machozi hayo.

Mama Hadija akainua ule mkono wake mzima, akaelekeza kidole kwenye dari.

"Ndege," akasema. Akainamisha kichwa, akasikiliza. "Ku... kubwa hiyo."

Tukasubiri wote watatu mpaka ikapita.

Siku hizi naenda kila nikipata nafasi, na binti yangu naye anakuja kusoma. Mama anaongea zaidi kidogo. Dada Hadija ananiambia hata wageni wameanza kusubiri ndege, japo hawajui ni za shirika gani.

Nilichojifunza mimi ni kidogo tu. Mtu akikwama mbele yako, usimbebe na usimcheke. Mtafutie kisingizio cha kupumua, halafu kaa naye hapohapo.

Na kama kuna mtu aliwahi kukufanyia hivyo, usikae kama nilivyokaa mimi. Nenda ungali unaweza kumkuta.

Haya, kibaraza ni chenu. Kitabu gani cha utotoni bado unacho kichwani, na nani alikuwa pembeni yako ukikisoma? Andikeni. Anayekwama asifute, aache hivyohivyo.

Sisi tutasubiri ipite.