Kilima cha Lamu Tulichojenga Elburgon

Enzi zetu pale Elburgon, bahari ilikuwa kitu cha kuambiwa tu, kama mbinguni. Uliamini ipo kwa sababu watu wazima walisema ipo, na kwa sababu chumvi lazima ilitoka mahali. Sisi tuliamka ukungu wa msitu wa Mau ukiwa umefika kwenye kizingiti, tukavaa sweta mbili, ya shule juu na ya babu chini, tukaenda shuleni tukinusa mbao mbichi. Mji mzima ulinuka mbao. Mama zetu walipikia jiko la vumbi la mbao, kuku walitagia vumbi la mbao, na choo cha shule, samahani kwa wanaokula, kilimwagiwa vumbi la mbao kila Ijumaa. Mtoto wa Elburgon akipiga chafya, ungeweza kuwasha moto kwa kilichotoka.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka jinsi tulivyosoma jiografia. Kitabu kimoja kilikuwa cha dawati zima, na aliyekaa pembeni alijifunza kusoma kwa upande. Hadi leo mimi nasoma gazeti la jirani bila yeye kujua. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hivyo darasa letu lilifika la saba likiwa na wasiwasi kuhusu rangi ya bahari. Wengine walisema ni ya kijivu. Mama yangu nilipomuuliza alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua kichwa. "Maji yasiyonyweka yana haja gani ya rangi?"

Mwalimu wetu wa jiografia aliitwa Barasa. Baba yake alikuja kutoka Magharibi kwa kazi ya reli, na Barasa akazaliwa hapo hapo karibu na stesheni, akasikia treni zikipita kila siku kwenda pande zote, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kwenda mbali zaidi ya Nakuru mjini. Alikuwa na fimbo ndefu ya mwerezi ya kuonyeshea ramani. Angeweza kukupeleka Turkana, Malindi na Busia kwa fimbo ile kabla ya kengele ya chai, na ukisinzia njiani, fimbo ilirudi nyumbani upesi. Msemo wake ulikuwa mmoja: "Mwenye ramani kichwani hahitaji nauli."

Lakini tulijua alitamani. Akifika kwenye somo la Pwani sauti yake ilishuka, kama ya mtu anayemtaja mchumba aliyehamia mbali.

Basi mwaka tulipokuwa darasa la saba likaja shindano la ramani kwa shule za tarafa yetu. Kila shule ilichaguliwa wilaya yake kwa kura. Ilitakiwa ijenge ramani yenye kuonyesha sura ya nchi na wakaaji wake. Zawadi ndiyo iliyotutoa usingizi: kiwanda kimoja cha mbao kingetoa lori, na darasa litakaloshinda, pamoja na mwalimu wake, lingepelekwa kuona bahari. Shule jirani iliokota karatasi ya Nakuru, yaani walitoka nje ya darasa wakaangalia. Sisi tukapata Lamu.

Mwalimu Barasa aliikunja ile karatasi akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Siku ile hakumchapa mtu.

Tulijengea ramani juu ya mlango mkuukuu wa stoo. Nchi kavu ilikuwa vumbi la mbao lililokandwa kwa uji mzito wa unga. Bahari ilikuwa vumbi hilo hilo, lakini tulilitia bluu ya kufulia nguo, baada ya mwalimu kuamua, kwa mamlaka yake, kwamba bahari ni ya samawati. Mikoko ikawa vijiti vya saiprasi. Punda tuliwafinyanga kwa udongo, nao walitoka vizuri sana, kwa sababu punda tulimjua kuliko tulivyojua watu. Wakaaji wakawa maharagwe: haragwe moja, watu elfu moja. Kila mtoto alileta kiganja kutoka kwao, na kwa kuwa kila nyumba ilipanda mbegu yake, Lamu yetu ilijaa watu wekundu, weusi na wenye madoadoa, wote wakiishi kwa amani.

Shida ilianzishwa na Wambui. Huyu alikuwa rafiki yangu wa dawati, msichana mwembamba aliyeuliza maswali kama mtu anayepiga misumari. Aliizunguka ramani nzima, akasimama.

"Mwalimu, na mlima iko wapi?"

"Hakuna mlima, Wambui. Kitabu kinasema ni tambarare."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa mtu akipoteza ng'ombe, anapanda wapi amuone?"

Mwalimu Barasa aliigeukia ramani, akaitafuta kwa ncha ya fimbo. Nasi tukamwangalia kwa huruma, maana swali lilikuwa la maana. Kwetu mahali pasipo na mteremko hapakuwa mahali, palikuwa sakafu. Maji ya mvua yangekwenda upande gani? Watoto wangeteleza wapi kwa magome ya miti? Na bibi ya mtu angesema nini badala ya "yule wa huko juu" na "yule wa huko chini"?

"Sawa," mwalimu akasema mwishowe. "Kilima kimoja. Kidogo. Cha dharura." Akaweka alama kwa chaki kusini mwa kisiwa cha Lamu, karibu na maji.

Kosa lilikuwa kutuachia neno "kidogo". Kila aliyepita aliongeza konzi moja ya vumbi la mbao. Hakuna mtoto wa Mau anayeweza kupita karibu na kilima bila kukisaidia. Kufikia mwisho wa juma kilikuwa na mabega, na mtu fulani alikuwa amekitoboa kreta juu kama Longonot. Mwalimu aliziba kreta kwa kidole, lakini kilima akakiacha. Nadhani alikuwa amekizoea.

Asubuhi ya ukaguzi tulitoa mlango wetu nje ili ukauke juani, tukaingia gwaride. Mkaguzi, mzee mnene mwenye koti la vifungo vitatu, alikuwa kwa mwalimu mkuu akinywa chai. Na mke wa mwalimu mkuu, ambaye hakuna aliyemwambia kuhusu Lamu, akafungulia kuku wake.

Fikirieni mambo kwa upande wa kuku. Wamekuta mlango uliotandazwa vumbi la mbao kama kiota, umekandwa kwa uji na kunyunyiziwa maharagwe. Tuliporudi, kisiwa cha Pate hakikuwa na mtu. Manda palikuwa pametulia. Bara walibaki wachache waliojificha kwenye mikoko. Jogoo alikuwa amesimama juu ya kile kilima akiangalia bahari, kitu ambacho sote tulikuwa tukikitamani.

"Wamekula watu!" Wambui alipiga kelele. "Mwalimu, kuku wamekula watu wa Lamu!"

Mwalimu Barasa hakupoteza hata pumzi. "Kimani! Wambui! Jikoni! Leteni maharagwe!"

Tulikimbia. Mpishi wa shule alikuwa ameshayachanganya yote na mahindi kwenye sufuria ya githeri ya chakula cha mchana, na yalikuwa yanachemka. Wambui hakuuliza. Alichota kwa mwiko, akamimina kwenye pindo la sweta yangu, ile ya babu, nami nikarudi mbio nikiruka kama panzi kwa sababu ya moto. Ndivyo tulivyorudisha wananchi wa Lamu makwao, wakiwa wameiva na wanatoa mvuke. Hapakuwa na muda wa kuchambua mahindi.

Mkaguzi akafika. Akainama. Akaangalia muda mrefu sana.

"Mwalimu, hawa wenye madoadoa nimewaelewa. Na hawa weupe ni nani?"

Mwalimu Barasa alinyoosha fimbo yake juu ya ramani.

"Watalii, bwana mkaguzi."

Mkaguzi alicheka hadi kifungo kimoja cha koti kikafunguka. Alisema hajaona kazi nzuri kama hii tarafa nzima. Alisifu bahari, akasifu punda zaidi. Tukaanza kukonyezana. Mimi nilikuwa tayari nimepanda lori kichwani mwangu, nimekaa karibu na dereva. Kisha kidole chake kikafika kusini mwa kisiwa.

"Na hiki?"

Mwalimu angeweza kukikana. Angesema ni uchafu, ni kuku, ni mtoto mjinga, akakifagia kwa kiganja na kazi ingeisha. Sote tulimwangalia, na yeye akatuangalia sisi, akamwangalia hasa Wambui.

"Kilima, bwana mkaguzi."

"Umewahi kufika?"

"Bado."

"Mimi nimefika Mombasa mara nyingi. Pwani ni tambarare kama meza. Jiografia si hadithi, mwalimu."

Lori likabeba watoto wa shule jirani, wale wa Nakuru. Lilipita mbele ya lango letu wakiimba, na Wambui akawarushia gome la mti. Mwalimu Barasa alisimama nasi hadi vumbi likatulia. Kisha akasema, "Bahari haihami. Turudini darasani, leo ni Turkana."

Tulikula githeri. Yale maharagwe yaliyotoka kwenye ramani pia yaliliwa, na yalikuwa na ladha kidogo ya bluu ya kufulia.

Nimezunguka sana tangu siku hizo. Nilimaliza kidato cha nne, nikakodi chumba kimoja Karagita nikikata maua, nikachoka kunusa waridi, nikaenda Keringet kwa viazi, nikarudi, nikaenda tena. Mke wangu husema miguu yangu ilizaliwa kabla yangu. Lakini katika kuzunguka kote huko sikuwahi kushuka hadi baharini, hadi juzi nilipopata kazi kwenye lori la viazi linaloenda Mombasa. Viazi viliposhuka, nikamwambia dereva atangulie, mimi nina shughuli. Nikapanda basi la Lamu.

Binti yangu, aliye kidato cha pili, alinipigia simu nikiwa njiani. "Dadi, kwani unaenda kufanya nini huko? Si uangalie tu kwa simu? Lamu yote iko hapo, hadi na punda." Akanitumia. Kweli ilikuwapo yote, na punda. Yeye mwenyewe aliitazama kwa muda wa kupiga miayo, akahamia video ya mtu anayekaanga chapati juu ya pikipiki. Kizazi hiki kina bahari mfukoni, na kinalalamika simu ni nzito.

Basi lilisimama Mpeketoni, bado ni bara, ndani ya kaunti ya Lamu. Nikanunua githeri kwa mama mmoja kando ya barabara. Alinisikiliza ninavyoagiza, akainamisha kichwa.

"Wewe si wa huku."

"Mimi ni wa Elburgon, mathe."

"Ati Elburgon! Mimi ni wa Molo! Wee, kaa chini, hiyo sahani rudisha niongeze."

Aliniambia wazazi wake walihamia huko zamani kutafuta shamba, yeye akiwa mgongoni, na kwamba majirani zake ni Wabajuni, Waboni, Wagiriama, na watu wa kila kona ya nchi. Nikaangalia sahani, mahindi katikati ya maharagwe, na kijiko kikasimama njiani. Yale mahindi yetu hayakuwa watalii. Yalikuwa sisi.

Kesho yake nilivuka hadi kisiwani, nikatembea kando ya maji nikielekea kusini, nimevua viatu kama mtoto. Bahari ni ya samawati. Mwalimu alipatia. Niliionja pia, kwa niaba ya mama, na sikuona haja yake ya rangi. Nikapita kijiji cha Shela, nyumba zikaisha, na hapo nikasimama.

Mbele yangu kulikuwa na kilima.

Cha mchanga, ndiyo, lakini kilima, chenye mabega. Na nyuma yake kingine, na kingine, karibu na maji kabisa, pale pale chaki ilipogusa. Nilikipanda kwa mikono na miguu, nikiteleza na kucheka peke yangu, na nilipofika juu nikampigia Mwalimu Barasa kwa ile simu ya kuonana, ambayo binti yangu alinifundisha kwa dharau.

Alitokea sikio kwanza, kisha paji la uso lenye mvi. Yuko Elburgon bado, amestaafu, anafuga ng'ombe wawili na magoti mabovu.

"Kimani? Mbona jua kali hivyo? Uko wapi?"

"Niko juu ya kilima chetu, Mwalimu." Nikaizungusha simu polepole, mchanga, kisha maji.

Paji la uso lilisogea hadi likajaza kioo chote.

"Ni mchanga," akasema.

"Ni mchanga, Mwalimu."

"Lakini ni kilima."

"Ni kilima."

"Na kitabu kilisema…" Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekaa na kohozi miaka thelathini. "Huyo mkaguzi! Meza! Kumwambia Wambui hakuna mlima, na mlima huo hapo! Hebu sogeza simu kwa maji nisikie." Nikateremka mbio, nikaishika simu juu ya mawimbi hadi ikalowa. Nilipoirudisha alikuwa ameondoa miwani.

"Mwalimu, ulituambia bahari haihami."

"Haijahama. Lakini magoti yangu yanahama, kijana. Rudi unichukue."

Tutaondoka shule zikifungwa, yeye, mimi na Wambui, ambaye sasa ni bibi ya watu huko Njoro na ameapa atabeba mwiko. Binti yangu anashangaa mzee mzima anasafiri siku mbili kuona kitu alichokwisha kukiona kwenye simu. Wao walikuta dunia imeshapikwa na kupakuliwa. Sisi tuliikanda wenyewe juu ya mlango wa stoo, kwa uji na vumbi la mbao, ikaliwa na kuku, na bado tunaidai.

Jana Mwalimu alinipigia tena. Alitaka kujua kama huko kuna baridi.

"Hakuna, Mwalimu. Ni joto tupu."

"Vizuri," akasema. "Nitabeba sweta mbili tu."