Siku Tuliyomfunika Sungura Kanga

Nilitoka Naipingo kwenda Ruangwa kwa sababu ya mtoto mmoja aliyekataa kumwita baba yake baba. Mtoto mwenyewe ni Sauda, mjukuu wangu, ana miaka mitano. Baba yake ni Bakari, mwanangu wa mwisho, aliyeondoka kwenda kuchimba madini huko Kanda ya Ziwa wakati Sauda anatambaa, akarudi juzijuzi na ndevu. Mama yake Sauda aliolewa Liwale, simlaumu, hata mimi ningeolewa. Sasa Bakari kapata kazi ya udereva Ruangwa, kapanga vyumba viwili, anataka wanawe wakaishi naye wasome. Hamza, kaka yake Sauda, alikubali siku ileile alipoletewa mpira. Sauda alijificha nyuma yangu, akashika kanga yangu kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti.

Bakari akaniambia, "Mama, mimi siwezi kumburuta mtoto. Twendeni wote siku mbili, kuna bustani ya michezo imefunguliwa kule. Akicheza na mimi akanizoea, atabaki. Akikataa, utarudi naye."

Nikasema sawa. Moyoni, niseme ukweli, nusu yangu ilitaka akubali na nusu ilitaka akatae. Kwa mwanamke wa umri wangu, kulala bila mtoto mgongoni ni baridi.

Asubuhi, umande bado uko kwenye majani ya mbaazi, Bakari alikuja na Noah, gari ya rafiki yake. Hamza akakaa mbele kama diwani. Sauda nikampakata. Tulizunguka kwanza Nambambo kumsalimia dada yangu, maana huwezi kupita karibu na dada yako ndani ya gari halafu asikie kwa watu. Alitupa karanga za kuchemsha kwenye ndoo ndogo, akamtazama Sauda, akamtazama Bakari.

"Mbona mtoto anamwangalia baba yake kama askari wa misitu?"

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Sauda akajibu, "Huyu ni dereva."

Dada yangu akacheka mpaka akakaa chini. Bakari hakucheka. Aliwasha gari.

Njiani nilisinzia. Mikorosho ilikuwa inapita dirishani, myeusi chini na ya kijani juu, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaona kama sisi tumesimama na mikorosho ndiyo inayosafiri, inakwenda Nachingwea kuuza kitu. Vilima vya mbele vilikuwa rangi ya moshi. Nilimsikia Hamza anauliza maswali na baba yake anajibu, sauti zao zikawa mbali, kama watu wanaozungumza ng'ambo ya mto.

Ruangwa tulifika jua likiwa limepanda. Mwenye nyumba ya Bakari ni Mmwera mmoja mnene, mchangamfu, wanamwita Mama Neema. Alinianza kwa utani kabla sijatua mzigo.

"Wamakonde wameingia! Watoto, ficheni panya, wageni wasije wakala na mkia."

"Panya wa Wamwera wamekonda," nikamwambia. "Nimekuja na wangu."

Basi tukawa ndugu. Alitupa ugali na kisamvu cha karanga, na Bakari alipomkatia Sauda tonge, mtoto akalihamishia kwenye sahani yangu. Mama Neema aliona, akaangalia pembeni. Huyo ni mtu mwenye adabu.

Baada ya kula tulikwenda kwenye bustani. Iko pembeni ya mji, ni ya mtu binafsi, imezungushiwa mabati yaliyopakwa rangi za pipi. Mimi nilisoma darasa moja na nusu, na hiyo nusu ilikuwa ya kuchota maji ya mwalimu, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoona. Kulikuwa na farasi wa plastiki wanaozunguka bila kufika. Kulikuwa na nyumba ya mpira iliyojazwa upepo, watoto wanarukaruka ndani kama mahindi kwenye kikaango. Kulikuwa na sukari inayopulizwa mpaka inakuwa pamba. Na kulikuwa na gurudumu kubwa lenye viti, linapanda polepole mpaka juu ya miti, linashuka.

Halafu akatokea Sungura.

Alikuwa mrefu kama mlango, manyoya meupe, masikio mekundu ndani, uso mkubwa unaocheka bila kubadilika. Alitembea anayumba, hasemi. Mimi nilimshika Sauda nikarudi nyuma hatua, nikapiga kigelegele. Watu waligeuka kunitazama. Sikuweza kujizuia, mwili ulikumbuka wenyewe. Kwetu, vijana wakitoka jandoni, hutokea lipiko, mwenye uso wa mti, anacheza hasemi. Wanawake na watoto tunaambiwa yule si mtu, ni kitu cha porini. Mwanamume akishapita jandoni anajua, na hasemi. Sisi wanawake hatujui. Marehemu mume wangu alicheza lipiko miaka mingi, na mimi nilimjua kwa kisigino chake kilichopasuka, na jasho lake nililifua mimi. Lakini sikujua. Nilikimbia na wenzangu, nikapiga vigelegele, usiku nikamkandia miguu na maji ya moto, nikamuuliza shamba lilikuwaje.

Sauda hakuogopa. Alikwenda moja kwa moja akampa Sungura mkono. Wakatembea wote wawili kati ya watu, mdogo na mkubwa, kama walikuwa na ahadi.

Bakari alikaa karibu nami kwenye benchi. "Mama, umeona? Lenye manyoya kalipa mkono. Mimi niliyemzaa ananiita dereva. Ngoja nimwambie kuwa yule ni kijana tu kava..."

"Bakari," nikasema, "wewe ulitoka jandoni au ulitorokea dirishani?"

Akanikazia macho, kama anataka kuuliza jambo, akaliacha.

Jua likaanza kulegea. Tulipanda gurudumu, mimi na Sauda kiti kimoja, kwa sababu alikataa kukaa na baba yake. Hamza alipanda na mtoto wa jirani tuliyemkuta pale. Bakari alibaki chini. Sijui niseme nini kuhusu kule juu. Kiti kilinyanyuka kama mtu anayenyanyuliwa usingizini. Mabati ya Ruangwa yalimeta, yakazima, yakameta. Mikorosho ikawa mawingu yaliyolala chini. Niliona moshi wa majiko unapanda na sisi tunapanda nao, na sikusikia magoti yangu, hayakuniuma hata kidogo. Nikadhani labda hivi ndivyo wafu wanavyotuona, wadogo, tuna shughuli nyingi. Chini Bakari alikuwa amesimama peke yake, mdogo kama mbegu ya ufuta.

"Bibi," Sauda akasema, "dereva amechoka."

Tuliposhuka, Sungura hayupo. Sauda akaanza kumtafuta. Mimi nilikuwa nafunga kiatu cha Hamza, nilipoinua kichwa mtoto ameshapita nyuma ya banda la chipsi. Bakari akamfuata upande mmoja, mimi nikazunguka upande wa pili, na mimi ndiye niliyefika kwanza.

Kumbe pale ndipo alipokuwa. Amekaa juu ya kreti la soda, kichwa cha Sungura kiko kwenye nyasi kinacheka peke yake, na juu ya manyoya kuna kichwa cha mwanamume, kipara, kinatiririka jasho, kinakunywa maji. Na nyayo za Sauda nazisikia zinakuja.

Nilivua kanga ya juu nikamtupia, nikafunika vyote viwili, kichwa chake na kile cha kwenye nyasi.

"We bibi, unanifanya nini?" akapiga kelele ndani ya kanga.

"Nyamaza! Lipiko hasemi!"

Papo hapo Bakari akaruka kati, akapanua shati lake kama kuku anavyopanua mabawa, akamfunika Sauda uso, akamnyanyua. Nilingoja kilio. Hakikuja. Mtoto alibaki mle ndani ya shati.

"Usiangalie," Bakari akamwambia. "Sungura anapumzika."

"Anaumwa?"

"Hapana. Amecheza sana. Akipumzika haangaliwi."

Mwanamume wa kwenye kanga akatulia, nadhani alielewa.

"Wewe unamjua?" Sauda akauliza.

"Namjua."

"Anatoka mbali?"

"Mbali sana."

Halafu mtoto akauliza lile swali, kwa sauti ndogo, shingoni mwa baba yake: "Na wewe kule mbali ulikuwa unapumzika?"

Bakari akamwambia, "Hapana, mama yangu. Kule sikupumzika."

Sauda akafikiri. "Basi twende juu," akasema. Wakaenda wote wawili kupanda gurudumu, naye hajatoa mkono shingoni.

Baadaye Sungura alitoka tena, na kichwa chake, na manyoya yake. Alikuja mbele yangu mbele za watu, akainama, akanipa kanga yangu imekunjwa vizuri. Nikapiga kigelegele. Bakari akanisogelea sikioni.

"Mama. Kumbe unajua?"

"Najua nini?"

Alicheka mpaka akafuta macho. "Hata mimi sijui," akasema.

Jioni, kwa Mama Neema, Sauda alipokea tonge la ugali mkononi mwa baba yake, akalila.

Asubuhi ya kurudi, dereva mwingine wa hapo kazini kwa Bakari alikuwa anakwenda Nachingwea, nikapata nafasi. Sauda alinisindikiza hadi barabarani akiwa mabegani kwa baba yake. Nikamuuliza, bado nusu yangu inauliza, "Tunarudi wote?"

"Wewe nenda, bibi. Mimi nabaki na baba. Anajua Sungura anakolala, lakini hasemi."

Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo, na nimekipata uzeeni. Nilidhani mtoto humpenda mtu kwa sababu amejua ukweli wake wote. Kumbe anaweza kumpenda kwa sababu amesimama mbele yake, akamzibia kitu, na mikono haikutetemeka. Mengine atayajua akikua, kama tulivyojua sisi.

Gari lilipoondoka nilitoa mkono dirishani nikapunga. Walikuwa wameshageuka, Sauda ameinamia sikio la baba yake, anamweleza jambo refu. Hawakuniona. Niliendelea kupunga mpaka kwenye kona.