Barafu Isiyo na Mtu

Shangazi yangu alikuwa mganga wa mvua, na mwaka ule mvua ilikataa kunyesha. Miaka ya neema watu walimletea mbuzi na pombe ya mtama. Sasa mtama ulikauka ukiwa bado chini ya goti, ng'ombe wakaanza kufa, na watu wale wale wakasema ameifunga mvua. Wazee wakaitisha kikao mbele ya zizi lake. Akionekana ana hatia, nyumba yake ingechomwa na yeye angefukuzwa.

Vita kuu vya pili vilikuwa vimekwisha miaka michache tu, nami nilikuwa mwalimu kijana niliyerudi kutoka chuoni na kichwa kilichojaa jiografia. Nikaomba kusema.

Niliwaeleza kwamba zamani mno nchi za kaskazini zilifunikwa na barafu, yaani kama mvua ya mawe iliyoshikamana, nene kuliko kilima chochote cha Usukuma. Kisha dunia ikapata joto, na hakuna mganga wala mchawi aliyeipasha. Barafu haikujibu siku hiyo hiyo. Ilikaa vizazi na vizazi joto likiitafuna taratibu. Mara ikarudi nyuma, mara ikasimama, mara ikasogea mbele tena. Halafu kingo zake zikaanza kumeguka na kuteleza baharini kwa haraka, bahari ikapanda na kumeza nchi kavu. Huko ilikopita iliacha mawe makubwa yaliyotoka mbali.

"Makubwa yote hayo hayakuwa na mtu," nikasema. "Sasa ninyi ukame wa mwaka mmoja mnautafutia mtu?"

Mzee mmoja akaonyesha majabali yaliyokuwa nyuma ya zizi. "Na haya yaliletwa na hiyo barafu?"

"Hapana, hayo ni ya hapa hapa."

"Kumbe haikufika huku."

"Haikufika."

"Basi inatuhusu nini?"

Nilitamani kulia. Kabla sijajibu, akasimama kijana aliyekuwa likizo kutoka mgodini Mwadui, shati limepigwa pasi, mwenye kujua kila kitu. "Barafu mimi naijua," akasema. "Iko jikoni kwa bwana mkubwa, ndani ya kabati la chuma. Chini yake kuna taa ya mafuta ya taa inayoendesha ubaridi. Mpishi akisahau kuiwasha, barafu yote inakuwa maji."

"Mnaona?" wakapiga kelele. "Ina mtu wake!"

Ningeweza kumkaba koo. Nilianza upya, nikarudia habari ya joto na bahari mpaka sauti ikakauka, na wengine wakawa wanapiga miayo waziwazi. Aliyenisikia ni mzee mwingine tu, aliyekuwa akiongoza kikao. Alikua pamoja na shangazi, akachunga naye ndama utotoni, na hakuwa na hamu ya kuona nyumba yake ikiungua. Katika maneno yangu akaona pa kutokea.

Akamgeukia shangazi, akamwita mama kwa Kisukuma, kwa heshima. "Mayu, mwalimu anasema mambo haya huja yenyewe, hayana mtu. Nawe ukisema hivyo, tunatawanyika."

Nikashusha pumzi. Neno moja tu lilihitajika.

Shangazi akasimama, akajifunga kanga yake vizuri. "Mwaka ule vihenge vyenu vya mtama vilipofurika," akasema, "mvua ilikuja yenyewe?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Niliileta mimi. Na ya mwaka huu imenishinda mimi."

Yule mzee akainamisha kichwa. Alasiri nyumba ikachomwa.

Kesho yake nilikaa na shangazi kando ya barabara tukingoja lori la kwenda Kahama, ili afike kwa binti yake aliyeolewa Runzewe. Nilikuwa na hasira na kila mtu, yeye zaidi ya wote. Nilikuwa nimesema kweli, na ni kweli mpaka leo.

"Shangazi, ungeitikia tu! Ungekuwa nyumbani kwako sasa hivi."

Lori lilipotokea akainuka, akajikung'uta vumbi.

"Ungewaambia nimekosea dawa, mwanangu, ningekushukuru," akasema. "Wewe umewaambia kwamba maisha yangu yote sikufanya kitu."